Pagale la Chanika lina mteja mwingine Jumapili, tufanyeje?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Temeke na mume wangu. Naomba jina langu lisitoke, maana ndugu wanaohusika wanasoma safu hii na wakijua nimekuandikia itakuwa kesi ya ukoo mzima.

Nashona sare za shule Tandika. Nina cherehani mbili na binti mmoja wa kunisaidia. Mume wangu anaendesha daladala ya mtu; akishatoa hesabu ya bosi anakuja na kama 20,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Mimi wiki ya kawaida nabakiwa na faida ya 110,000 hivi, isipokuwa Januari na Julai shule zinapofunguliwa, hapo napumua. Kwa miaka tisa tumeweka kidogo kidogo, kwanza kwenye kibubu, baadaye kikoba, sasa benki. Mwezi uliopita tulikaa kitandani tukahesabu: tuna shilingi milioni 19. Nililia, Shangazi.

Tumepanga vyumba viwili, 150,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Mwezi wa tatu gari la mume wangu lilikaa gereji, tukachelewa kodi siku kumi na moja. Mwenye nyumba akaja saa moja usiku na mtu anayetafuta chumba. Akafunua pazia la chumba cha watoto, binti yangu yuko kitandani anasoma kwa tochi ya simu, akamwambia yule mgeni, "Hapa kitanda cha futi tano kinaingia vizuri." Wala hakunisalimia. Asubuhi mwanangu akaniuliza, "Mama, yule baba anahamia lini?" Kodi tulilipa, imefika mpaka mwisho wa mwezi wa nane, lakini tangu siku ile nikisikia geti linagonga moyo unaruka.

Sasa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni dalali. Wiki mbili zilizopita alinipeleka Chanika kuona pagale. Vyumba vitatu na sebule, limefika lenta, bado kupaua. Ndani ya sebule kumeota mpapai unaofika kifuani. Nilisimama pale nikaanza kupanga: hapa kochi, hapa cherehani zangu, dirisha hili watoto. Nyuma kuna korongo lakini halina maji, tulilivuka kwa miguu. Ukuta wa huko nyuma una alama ya udongo mwekundu iliyonyooka kama imepigwa rula, inafika magotini. Kaka alisema ni mafundi walikuwa wanachanganya zege.

Wanataka milioni 22. Aliyekuwa akijenga alifariki miaka minne iliyopita, anayeuza ni mtoto wake mkubwa. Ana karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa ya mwaka 2013 yenye jina la baba yake. Wadogo zake wako Tabora na Mwanza, anasema wameridhia kwa simu. Mama yao yuko kijijini Korogwe. Kaka anasema mwenyekiti wa mtaa atagonga muhuri na mambo yataisha siku hiyo hiyo.

Tumepungukiwa milioni 3, na milioni 1 nyingine ni ya udalali na karatasi za mtaa. Kaka ananipeleka kwa watu wa mikopo: wananipa milioni 4, narudisha 200,000 kila wiki kwa wiki 28, dhamana ni cherehani zote mbili na friji. Najua watu wanaiita kausha damu. Lakini nawaza, miezi saba tu ya kujibana na nina kwangu, kuliko kumtupia yule mtu hela maisha yangu yote.

Mume wangu hataki. Yeye anataka kiwanja kilichopimwa huko Mlandizi, milioni 6 na nusu, unatanguliza milioni 2 na kilichobaki unalipa kwa miezi 12, halafu tusimamishe chumba na sebule taratibu. Mlandizi! Wateja wangu wote wako Tandika. Nikimwambia ananiacha nidhalilike, ananyamaza. Na tukigusa suala la jina gani liandikwe kwenye karatasi, tunanyamaza wote wawili, kwa sababu hela nyingi ni za cherehani na yeye anajua.

Kaka anasema kuna mteja mwingine anakuja Jumapili. Nikope nimalizane nao, au nimsikilize mume wangu nikae kwa yule mwenye nyumba mwaka mwingine?

Mama Wawili, Temeke

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Habari ya lile pazia nimeisoma mara tatu. Kufunuliwa chumba cha mtoto wako kama duka, nawe umesimama pembeni, ni jambo linaloingia mwilini. Sishangai husinzii. Lakini kabla ya mengine nikupongeze: milioni 19 zilizotoka kwenye kola za sare na usukani wa gari la mtu, kwa miaka tisa, bila kuzila! Hongereni wote wawili. Nimesema wote wawili kwa makusudi, nitarudi hapo.

Umeniuliza pagale au kiwanja. Nikiisoma barua yako, naona unatafuta mahali ambapo hakuna mtu atakayekuja usiku kumwonyesha mwingine chumba cha mwanao. Basi tuyapime yote kwa swali moja: hapa, nani anaweza kututoa?

Tuanze Chanika. Pagale silibezi hata kidogo. Mimi nilihamia nyumba isiyo na madirisha, nimeziba kwa mifuko ya simenti, mlango wa bati, na mvua ya kwanza iliyopiga juu ya bati langu niliisikiliza mpaka alfajiri. Watu wengi wa mji huu wamepata makazi kwa njia hiyo hiyo, chumba kimoja kimepauliwa na vingine vinangoja. Ulipokuwa unapanga kochi mbele ya ule mpapai hukuwa unaota ndoto za kijinga.

Ila anayeuza si mwenye mali. Mwenye mali ni marehemu, na mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto mkubwa hakumpi mtu mamlaka hayo, wala wadogo zake kuridhia kwa simu hakumpi. Kwa kawaida familia hukaa kikao, huandika muhtasari, huupeleka mahakamani pamoja na cheti cha kifo, na mahakama humteua msimamizi. Kwenye mahakama za mwanzo hati yake wengi wanaijua kama Fomu namba 4. Muulize huyo kijana kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, mmeshafungua mirathi?" Akikuonyesha hati, chukua nakala uende nayo kwenye mahakama iliyoitoa, ukathibitishe. Akisema bado, si lazima awe tapeli. Familia nyingi hazifungui mirathi mpaka atokee mteja. Lakini hapo utakuwa unanunua kitu ambacho muuzaji hawezi kukupa. Muhuri wa mwenyekiti unaonyesha kwamba amewashuhudia mkiuziana. Haumpi mamlaka mtu asiyekuwa nayo. Na yule mama wa Korogwe, mjane, amesema nini? Kwenye barua yako hakuna neno lake hata moja. Siku akishuka kwenye basi na kukuta umepaua, atakuja na haki yake mkononi, na wewe utakuwa na risiti.

Sasa ule mstari. Mwanangu, rudi pale uutazame tena. Zege likichanganywa linaruka, linachuruzika, linaacha mabaka. Kinachochora mstari ulionyooka kama rula ukutani ni maji yaliyosimama. Masika yameisha juzi tu, ndiyo maana korongo mmelivuka kwa miguu. Huenda nimekosea, sijafika huko, kwa hiyo usinitegemee mimi. Nenda siku moja bila kaka, kaa na mama wa nyumba ya jirani, mnunulie mihogo kama anauza, umuulize mwezi wa nne maji yalifika wapi. Wanawake wa jirani hawana udalali wa kulinda. Uliza pia watoto wanapita wapi kwenda shule mvua ikinyesha. Halafu pima hatua kutoka ukutani mpaka ukingo wa korongo, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kama hilo korongo linahesabiwa mto, watakwambia ofisi ya mipango miji ya halmashauri. Unakumbuka bonde la Msimbazi, Desemba 2015, nyumba zilivyopigwa X nyekundu kisha zikavunjwa? Karatasi ya mauziano yenye muhuri haizuii hilo. Hapo hapo mipango miji uliza kama mtaa huo uko kwenye urasimishaji, yaani kupimwa na kumilikishwa makazi yaliyojengwa bila mpango, na kama umo, mchoro unapitisha barabara wapi. Isije ikawa sebuleni kwako.

Tuje kwenye mkopo. Umeandika "miezi saba tu ya kujibana", nami nimechukua kalamu. Rejesho ni 200,000 kwa wiki. Faida yako ya wiki ni 110,000. Zinapungua 90,000, zinatoka kwa baba watoto, ambaye kwa siku sita analeta 120,000. Mnabaki na 30,000 kwa wiki: chakula cha watu wanne, nauli, daftari, dawa mtoto akiugua. Julai itasaidia, nakubali. Lakini mwisho wa mwezi wa nane, katikati ya marejesho, mwenye nyumba atataka 900,000 zake, kwa sababu pagale lisilo na bati halijakuhamisha popote. Maana milioni 19 zote na milioni 4 za mkopo zimekwisha kwenye kununua. Bati, mbao, misumari, milango, shimo la choo, kuvuta umeme, hayo yote barua yako haijayataja. Kabla ya lolote mchukue fundi asiye rafiki wa kaka, akahesabu gharama ya kupaua vyumba viwili tu na choo, akuandikie. Hiyo ndiyo bei halisi ya Chanika, wala si milioni 22.

Na tazama dhamana. Gari likirudi gereji mkachelewa siku kumi na moja kama mwezi wa tatu, watakaokuja safari hii hawatafunua pazia. Watabeba cherehani, na cherehani ndizo zilizoleta milioni 19. Juu ya milioni 4 utakuwa umewapa milioni 1 na laki 6, karibu kodi ya miezi 11 ya nyumba unayoishi sasa. Unaniambia kodi ni kumtupia mtu hela. Naelewa. Ila hiyo milioni 1.6 nayo ni kumtupia mtu hela, tofauti ni kwamba huyu hakupi hata chumba.

Sasa baba watoto. Umeandika kwamba anakuacha udhalilike. Inawezekana ni mzito, inawezekana ni mwoga. Lakini umewahi kumuuliza usiku ule yeye alikuwa wapi, na alipohadithiwa alijisikiaje? Gari lililokaa gereji ndilo analoendesha yeye. Wanaume wengi aibu ya namna hiyo huimeza na kuitoa kama ukimya, halafu wanataja Mlandizi. Siwezi kumsemea. Ninachoona ni mtu aliyeweka hela nawe miaka tisa bila kuitoroka, na ambaye leo anaogopa isiliwe siku moja. Hofu yake na hofu yako zinafanana, mnazisema kwa lugha mbili.

Wazo lake lina mazuri: linatumia theluthi tu ya akiba, haligusi cherehani, na kiwanja kilichopimwa kina namba, kina bikoni, yaani alama za mipaka, na kama kina hati unaweza kwenda kwa msajili wa hati ukafanya upekuzi ujue ni cha nani na kama kina deni. Lakini nalo lisipite bila maswali. Kununua kwa awamu maana yake unalipa mwaka mzima kabla ya kushika hati. Ardhi hiyo sasa hivi imeandikwa jina la nani? Mkataba unasemaje mkikosa miezi miwili, hela zinarudi au zinapotea? Ramani ya upimaji imeidhinishwa, au wamepanda vijiti tu porini? Waulizeni walionunua mwaka juzi kama hati wameshapata. Halafu kuna hilo unalolisema wewe, Tandika. Mteja wa sare hapandi magari mawili kukufuata. Ukihamia Mlandizi aidha utalala njiani kila siku au utaanza kutafuta wateja upya, na faida ya 110,000 ndiyo inayojenga. Lakini kununua kiwanja si lazima kuhamia mwaka huo huo. Kinaweza kukaa kama akiba wakati nyinyi mko mjini.

Nimekaa nikijiuliza kwa nini njia ziwe hizi mbili tu. Una milioni 19 na miezi kadhaa ya kodi mkononi. Unaweza kuhamia kwa mwenye nyumba mwingine, mwenye mlango na mwenye salamu, hata kwa 20,000 zaidi kwa mwezi, ukatafuta kwa moyo uliotulia. Unaweza kutafuta kipande kidogo upande wa Chamazi, Kivule au Kisemvule, pasipo korongo, mkasimamisha chumba kimoja kwa kilichobaki. Unaweza pia kubaki kwenye pagale hilo hilo kwa masharti yako: familia ifungue mirathi, wewe usubiri, na bei ishuke kwa sababu ya ule mstari ukutani, kama kweli ni maji na kama mipango miji hawana pingamizi. Kila moja ina bei yake. Kusubiri nako kuna bei, viwanja vinapanda na hela ya benki inashikwashikwa na shida za ukoo, najua.

Mkinunua popote, msinunue kabla hamjavunja ule ukimya wa jina. Hakuna kinachozuia karatasi kuandikwa majina mawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, lakini mambo yakiharibika, au mmoja akitangulia mbele ya haki, ndugu wanasoma jina lililoandikwa kabla ya kusoma sheria. Usilianze kwa "hela ni zangu". Lianze kwa watoto: mmoja wetu asipokuwepo, nani anaweza kuwatoa? Ni swali lile lile. Na wakili awe wa kumlipa nyinyi wenyewe, asiwe wa muuzaji wala wa kaka, na fedha zipite benki kwenda kwenye akaunti ya mwenye mamlaka ya kuuza.

Kuhusu kaka, sina haja ya kumwita mbaya. Ni ndugu yako na ni dalali, na siku hiyo ya Jumapili vyote viwili vitakaa kwenye kiti kimoja. Mteja mwingine huenda yupo. Kama yupo, naye atakuta marehemu, korongo na mama wa Korogwe pale pale. Unaweza kumwambia, "Kaka, nalipenda, nipe nakala ya hati ya mirathi nimpelekee wakili." Jinsi atakavyopokea sentensi hiyo itakufundisha mengi.

Binti yako bado anangoja jibu. Mwambie leo kwamba yule baba hahamii, chumba ni chake mpaka mwisho wa mwezi wa nane, kimelipiwa. Kisha muombe mwenye nyumba ruhusa, mwite fundi, mumwondolee mtoto pazia mumwekee mlango, hata wa plaiwudi, wenye komeo kwa ndani. Ukihama unaondoka nao. Na mwezi wa nane ukikaribia, niandikie tena uniambie mlichoamua, na yule mama jirani wa Chanika amekwambia maji yalifika wapi.